Foleni ya Kobe

Siku ya tatu tangu asimamishwe kazi, mke wa Fundi aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akapiga pasi sare yake ya stoo, akaitundika nyuma ya mlango, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda kuitazama.

"Unampigia pasi nani?" mama yake aliuliza kutoka sebuleni. Mlango wa chumba chao haukuwa na kitasa, na mama huyo alikuwa na macho yasiyohitaji kitasa.

"Kamati inakaa kesho, mama. Sitaki kwenda nimekunjamana kama mtu aliyekwisha kufukuzwa."

"Mtu hafukuzwi kwa sababu ya mikunjo, mwanangu. Anafukuzwa kwa sababu ya wakubwa."

Fundi alikuwa mezani, anakunywa chai ya moto kwa mafunda madogo. Binti yao wa miaka minane, ambaye kwa kelele zake walimwita Chiriku, alikuwa anameza vidonge vyake vya moyo kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti kama anayecheza. Vidonge vile, na kipimo cha kila mwezi, na daktari mwenye subira aliyemwita "mgonjwa wangu mcheshi", vyote vilitoka hospitali ileile walikofanya kazi baba na mama yake. Mtoto wa mfanyakazi hutibiwa bure. Ndivyo walivyokuwa wakiishi.

"Mkwe," bibi alisema, akivuta kiti, "leo ndiyo leo. Miaka yote tunaambiwa unalinda barua za watu zisipotee. Basi leo kinyozi ajinyoe. Mletee mkeo barua yake."

"Kibali cha kufungua nakala yake kimetoka jana jioni, mama. Nikifika tu naifungua."

"Umesikia?" mkewe akasema kutoka chumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu alicheka. "Si nilikwambieni? Mimi nakala zangu nalala nazo."

Huo ulikuwa utani wake wa zamani. Wenzake wa stoo walipomshauri achape barua fulani nzito aifiche, yeye alikuwa akiwajibu hivyo hivyo: niifiche ya nini, mimi nakala zangu nalala nazo. Wakacheka mpaka wakashika rafu za dawa. Na kweli, ile barua ya Meneja wa Ugavi hakuichapa.

Barua pepe yenyewe, pamoja na majibizano yake, ilikuwa ya mistari mitatu. Chupa za maji ya kudungia wagonjwa, katoni arobaini, zilikuwa zimetengwa pembeni zirudishwe kwa aliyezileta, kwa sababu zilikutwa na utando ndani. Meneja akaandika: zitoe, wodi hazina kitu. Mtunza stoo akajibu kwamba hazifai. Meneja akaandika tena: toa, mwenye kujibu ni mimi. Akatoa. Baada ya wiki tano mwanamke mmoja aliyekuja kujifungua alipandwa na homa, akatetemeka usiku kucha, na asubuhi hakuamka. Mtoto wake alibaki wodini bila jina.

Walipomwita Meneja, alisema hajawahi kuandika barua ya namna hiyo. Walipofungua sanduku la barua pepe la mtunza stoo, ambalo kwa siku mbili lilikuwa limekaa mikononi mwa huyohuyo Meneja kama msimamizi wake, barua haikuwamo.

Ilibaki nakala.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma ya dobi. Kilikuwa na baridi kuliko chumba cha maiti, na Fundi alifanya kazi humo akiwa amevaa sweta lililofumwa na mama mkwe wake.

Barua pepe za hospitali hazikukaa pale. Zilikaa mbali, kwa kampuni ya nje, huko wanakoita winguni. Kazi ya Fundi ilikuwa kuhakikisha kwamba kila usiku nakala yake inaletwa nyumbani, ili siku wingu likichafuka, hospitali isibaki mikono mitupu. Zilizoleta nakala hizo zilikuwa mashine tatu za wakala. Ziliitwa wakala kwa sababu zenyewe haziweki kitu: hutumwa tu. Saa mbili usiku zinaondoka, zinabisha hodi kwenye sanduku la kila mfanyakazi, zinachukua kilicho kipya, zinaleta. Saa kumi na moja alfajiri mlango unafungwa, maana wafanyakazi wanaanza kuingia na mtandao unatakiwa na wengine. Ambaye hajafikiwa, hajafikiwa.

Fundi alikuwa amezipa mashine zake majina: Mkubwa, Mdogo na Kobe. Kobe ilikuwa kuukuu, iliyonusurika kutupwa.

Zamani, hospitali ilipokuwa na watu mia nne, hata Kobe alitosha. Kisha yakafunguliwa matawi mawili, masanduku yakafika mia tisa na arobaini, na mashine zikabaki tatu. Fundi aliomba mbili zaidi. Aliomba kwa barua, kwa mdomo, kwa mchoro wenye rangi. Mkurugenzi akamwambia, "Fundi, kwani hizo barua zinatembea kwa miguu?" Kikao kizima kikacheka, naye akacheka nao, kwa sababu mtu akichekwa peke yake huonekana zaidi.

Alipojaribu kuisukuma Kobe ikimbie, ikichukua masanduku mengi kwa mkupuo, ikawa kazi bure. Kampuni ya nje haipendi mtu wa pupa. Ukiomba mno kupitia mlango mmoja, inakwambia subiri, na kungoja kwako kunakula usiku mzima.

Basi akagawa mzigo kadiri ya akili yake. Wakurugenzi, mameneja na madaktari akawaweka kwa Mkubwa na Mdogo, mia mbili na ishirini kila moja, wakae kwa nafasi. Waliobaki, mia tano, wauguzi wasaidizi, mapokezi, walinzi, dobi, wafagiaji na stoo, akamtwisha Kobe. Na alipokuwa anapanga foleni ya Kobe, alifika kwenye jina la mkewe, akasita.

Alimwuliza jioni ile. Mkewe alikuwa anakwangua ukoko chini ya sufuria, chakula chake cha kila siku baada ya wote kupakuliwa.

"Niweke mwisho," alimwambia. "Mwenye nyumba hujipakulia mwisho. Wasije wakasema unampendelea mkeo."

Akamweka wa mia tano.

Asubuhi za mwanzo ripoti ilitoka na alama za njano kwa wale wa mkiani. Mkurugenzi akampigia simu. "Sitaki kuona njano kwenye karatasi yangu, Fundi. Njano ni ugonjwa wa ini. Wakaguzi wanataka kijani." Basi Fundi akabadilisha kanuni moja ndogo: sanduku ambalo halikufikiwa lihesabiwe kama lisilo na barua mpya. Kuanzia siku hiyo ripoti ikawa kijani kama majani ya masika, asilimia mia kila asubuhi, na chini yake jina la Fundi. Alijiambia kwamba asiyefikiwa leo atafikiwa kesho. Lakini foleni ya Kobe kila usiku ilianza upya kutoka juu. Alilijua hilo, kama mtu anavyojua kwamba paa lake linavuja: anatega ndoo, anageukia upande wa pili, analala.

Sasa alikaa, akaandika jina la mkewe, akabonyeza.

Nakala ya mwisho ya sanduku la mke wake ilikuwa ya miezi saba nyuma. Barua zilizokuwamo zilihusu pamba, glavu na sherehe ya kumuaga mlinzi.

Akatafuta kwa upande wa Meneja, ambaye alikuwa wa tatu katika foleni ya Mkubwa na hakuwahi kukosa usiku hata mmoja. Siku ile ya katoni ilikuwapo, ina barua kumi na tisa. Ile haikuwamo, wala jibu lake. Meneja alikuwa amezifuta mchana uleule, kabla mashine hazijaondoka. Kampuni ya nje nayo huweka kumbukumbu ya kila barua kwa siku thelathini tu tangu ilipotumwa. Zilikuwa zimepita arobaini na moja.

Fundi alivua sweta, akalivaa tena.

*

Alimwambia jioni, uani, mkewe akianua nguo. Alimwambia yote, foleni na kanuni na kijani, huku akipokea vibanio kutoka mkononi mwake kimoja kimoja.

Mkewe hakupiga kelele. Alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

"Miezi saba?"

"Miezi saba."

"Na kila asubuhi uliandika kwamba ninayo nakala."

"Niliandika kwamba wote wanazo."

"Mimi ni mmoja wa wote, Baba Chiriku."

Ndani ya nyumba Chiriku alikuwa anamwimbia bibi yake wimbo wa shuleni, akikatisha kila mstari kuvuta pumzi.

"Sikiliza," mkewe alisema hatimaye. "Barua haipo, sawa. Imekwisha. Lakini kesho watasema: tumetafuta kwenye nakala, nakala ni kamili, barua haimo, kwa hiyo haikuwahi kuandikwa. Si ndivyo watakavyosema?"

"Ndivyo."

"Basi wewe uwaambie tu kwamba nakala si kamili. Waambie sanduku langu lina miezi saba halijaguswa. Hapo watakosa la kunishika nalo. Sitaki unisifu, sitaki unitetee. Useme hilo moja."

"Watanifukuza."

"Inawezekana," mkewe akasema. "Tutauza vitumbua."

Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayepima kina cha maji kabla ya kukanyaga. Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Sema kwa mdomo."

"Nitawaambia."

Mkewe akampa kapu la nguo alibebe, wakaingia ndani.

*

Asubuhi, nusu saa kabla ya kikao, Mkurugenzi alimwita Fundi ofisini kwake. Alikuwa mwanamama mnene mwenye sauti laini, anayependa kumuuliza kila mtu kuhusu watoto.

"Chiriku hajambo? Daktari ananiambia atahitaji kuzibwa kile kitundu cha moyo mwaka huu."

"Ndiyo, mama. Mwezi wa tisa."

"Tutamshughulikia. Huyo ni mtoto wetu." Akamsogezea karatasi. "Unajua hii ni nini? Ni yale maombi yako. Mashine mbili za nyongeza. Nilikuwa sijaelewa, nisamehe. Wakaguzi wamezisifu sana ripoti zako; wamesema kama kuna idara moja inayoaminika hapa, ni yako. Leo natia sahihi."

Kalamu ilikuwa imefunguliwa, lakini hakutia. Aliiweka juu ya karatasi, ikalala hapo.

"Kikao hakitachukua muda," aliendelea. "Nitakuuliza maswali mawili. Najua ni mkeo, na najua inauma. Ndiyo maana nataka maswali mawili tu."

Fundi alipotoka alimkuta Meneja wa Ugavi kwenye korido, ananunua karanga kwa mfagiaji. Meneja akamkunjulia kiganja. "Karibu, shemeji. Zina chumvi kidogo." Fundi akachukua tatu. Alikuwa amekwisha kuzitafuna alipotambua alichofanya.

*

Chumba cha kamati kilikuwa na viti vya kutosha, lakini mkewe aliwekewa kiti kifupi cha mapokezi, meza ikawa inamfika kifuani. Sare yake haikuwa na mkunjo hata mmoja. Alieleza kwa utaratibu: tarehe, saa, maneno ya barua ya kwanza, maneno ya ya pili. Alikariri bila kukosea, kama mtu aliyelisoma neno hilohilo mara mia.

"Dada yangu," Meneja akasema kwa upole, "mimi sina ugomvi nawe. Umefiwa na mgonjwa, umechanganyikiwa. Lakini usiniandikie barua kichwani mwako, halafu ukatia sahihi yangu."

Mjumbe mmoja akaficha tabasamu nyuma ya kikombe.

"Mume wangu atawaeleza kuhusu nakala," mke wa Fundi alisema. Akasogeza kile kiti chake kifupi pembeni kidogo, kumpisha aonekane.

Mkurugenzi akainua karatasi. Ilikuwa kijani kutoka juu mpaka chini.

"Fundi. Ripoti hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Inasema masanduku yote mia tisa na arobaini yamenakiliwa, kila usiku, asilimia mia. Ni ya kweli?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa amemtazama tangu mwanzo, midomo imeachana kidogo, kama anayemsaidia mtoto kusoma mstari wa kwanza. Mlango wa dirisha uligongwa na upepo, mjumbe akanyanyuka kuufunga, akarudi kukaa. Muda ulikuwapo wa kutosha. Baadaye Fundi alipenda kufikiri kwamba muda haukuwapo, lakini ulikuwapo.

"Ni ya kweli," akasema.

Midomo ya mkewe ikafungana. Basi. Alishusha macho kwenye mapaja yake, akaanza kulainisha sketi mahali palipokuwa tayari pamelainika.

"Kwa hiyo kama ingekuwapo, ingekuwamo," Mkurugenzi akasema.

"Ndiyo, mama."

Hilo la tatu hakuwa ameulizwa, naye akalijibu.

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa tano. Mtunza stoo ameachishwa kazi kwa uzembe uliosababisha kifo, na jalada lake litapelekwa polisi. Atatakiwa kuripoti Jumatatu. Mlinzi akamwomba avue kitambulisho. Kikanasa kwenye kifungo cha sare, naye mlinzi, ambaye alihudhuria harusi yao, akakivuta mpaka kifungo kikang'oka.

"Samahani, shemeji," alisema, akainama kukitafuta chini ya meza.

"Kiache," mke wa Fundi akamwambia. "Si changu tena."

*

Mchana huohuo karatasi ya maombi ya mashine ilirudi ikiwa na sahihi. Siku hizi mashine si lazima ije kwenye boksi; unakodi, inasimama yenyewe hukohuko winguni. Fundi alitazama saa ya ukutani alipoanza. Kitu alichokililia miaka miwili kilichukua dakika arobaini.

Akagawa mzigo upya, sawa kwa sawa, mia na themanini na nane kwa kila mashine, madaktari na wafagiaji wamechanganyika. Akaijaribu safari hapohapo, bila kungoja usiku. Mashine tano zilitoka kama nyuki, hakuna iliyosongwa, hakuna iliyoambiwa isubiri. Hata Kobe, aliyepunguziwa mzigo, alirudi mapema. Akairudisha ile kanuni yake ndogo kama ilivyokuwa zamani. Ripoti ikatoka kijani, ya kweli safari hii, isipokuwa mstari mmoja mwekundu chini kabisa, penye jina la mkewe: sanduku halipo. Mtambo ukamwuliza kama aliondoe kwenye foleni.

Akabonyeza ndiyo.

Nyumbani alikuta taa ya sebuleni imewashwa na kila mtu mezani. Mama mkwe hakumtazama. Alikuwa anamsuka Chiriku, na Chiriku, ambaye hajui kunyamaza, alikuwa kimya.

"Mama Chiriku," Fundi akasema, amesimama mlangoni na mkoba begani. "Nimefanya kwa ajili ya mtoto. Mwezi wa tisa si mbali."

Mkewe alikuwa ameshika upawa. "Usimtwishe mtoto mzigo wako," alisema. "Mgongo wake mdogo."

"Basi nifanyeje? Niambie nifanyeje."

"Nilikwambia jana uani. Ulikuwa umeshika vibanio."

Akanawa, akakaa mahali pake. Mkewe akapakua wali. Kwa miaka kumi na moja sahani ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa ya Fundi. Leo ya kwanza ilikwenda kwa mama yake. Ya pili kwa Chiriku, na kipande cha nyama juu. Ya tatu akajipakulia mwenyewe, akaijaza, akaketi nayo, akaanza kula polepole, akitafuna vizuri, kama mgonjwa aliyeambiwa na daktari ni lazima ale.

Fundi alingoja. Kisha akavuta sufuria, akachungulia. Bibi aliacha kusuka ili aone.

Akachukua kijiko, akaanza kukwangua.